Jivu kwenye Sarafu ya Twiga

Mwanangu Salha,

Sikuulizi hali maana naijua. Uko nyumba ya tatu kutoka hapa, umekalia ndoo iliyogeuzwa, unasukwa na Mama Chilongani, na kwa jinsi anavyovuta nywele yule mama, machozi hayako mbali. Nimeona nitumie saa hizi ambazo haupo kukuandikia. Ukiwa mbele yangu sitaweza. Unanijua. Hata mgeni akiniuliza jina langu naangalia vidole vya miguu.

Barua hii utaikuta ndani ya daftari jipya la hesabu. Isome kesho kwenye basi, kabla hujamfikia mama yako Tabora. Nina sharti hilo moja tu. Mambo ya mswaki na ndala za kuogea, na kutokukopesha sare kwa watu, umeshaambiwa na mtaa mzima, mimi sirudii.

Najua inachekesha mimi kukuita mwanangu. Nina miaka kumi na tisa na wewe una kumi na mbili. Kwenye vikao vya wazazi nilikuwa nakaa benchi la nyuma kabisa, na mwalimu wako wa darasa la tano aliwahi kuniambia nikamwite mzazi. Lakini mdogo wa mama ni mama, kwetu hakuna namna nyingine ya kuhesabu. Ulipokuwa na miaka mitano ulilala kitandani kwangu siku mama yako alipoondoka, ukaniuliza atarudi lini, nikakwambia Ijumaa. Sikuwa najua lolote kuhusu Ijumaa. Basi tangu siku ile nimekuwa mama yako, na nimekuwa nakudanganya tangu siku ile ile.

Jana alasiri babu alikuita barazani. Mimi nilikuwa namimina kahawa. Akakupa ile sarafu ya twiga, ndani ya kikasha chake cha plastiki, akakwambia, "Mpelekee mama yako. Mwambie baba ameshamsamehe."

Ukamuuliza amemsamehe nini.

"Yeye anajua," babu akasema.

Kahawa ilimwagika kwenye sinia, ukadhani nimeungua, ukakimbilia maji. Sikuungua. Ni kwamba mama yako hajui. Hana cha kusamehewa. Aliyeharibu sarafu ile ni mimi.

Ngoja nianze mwanzo. Nikianzia katikati nitatafuta njia ya kutokea.

Wewe umemkuta babu akiwa mzee wa redio na karanga. Hukumwona akiwa na sarafu zake. Alikuwa na duka la vitambaa sokoni, na kila alichobakiza hakukijengea, hakukinunulia shamba kule Mkonze kama wenzake. Alinunua sarafu za dhahabu za ukumbusho. Wakala mmoja wa Dar es Salaam alikuwa anamwagizia kutoka ng'ambo. Hizi si hela za kutumia. Zinapigwa chache, kwa hesabu, kisha mashine inasimama na hazipigwi tena, na kila moja inakuja na cheti chenye namba yake. Babu alikuwa nazo nne. Ya tembo, ya chui, ya mti wa mbuyu, na hiyo ya twiga. Ya twiga ndiyo alikuwa anaipenda, kwa sababu zilitoka mia tano tu. Alikuwa anasema, "Dunia nzima ziko mia tano. Moja iko hapa kwetu Makole."

Mama Chilongani, Mgogo wa watu, alikuwa anamtania hapo hapo barazani. "Mzee, hela isiyonunua hata fungu la mlenda ni hela gani hiyo?" Na babu anamjibu kwamba Wagogo wangejuaje dhahabu, wakati mababu zao walikaa njiani kuuzia misafara maji. Mama Chilongani naye: "Tuliwauzia maji, mkanywa, mkaondoka na deni. Wengine mkashindwa hata kuondoka, ndio nyie." Wanacheka mpaka babu anafuta macho. Ndivyo alivyokuwa.

Sikukuu ya Idi, wanaume wakitoka kuswali, walikuwa wanapitia kwetu. Babu ananawa mikono, anaikausha vizuri, anatandika kipande cha mahameli nyeusi juu ya meza, anapanga sarafu. Hakuna kugusa. Kisha ananiita mimi. Mimi ndiye nilikuwa nasoma ile shule ya Kiingereza, na vyeti viliandikwa Kiingereza, na nyumba nzima hakuna mwingine aliyekijua. Nasimama na gauni langu jipya, nasoma cheti cha kila sarafu, halafu naeleza kwa Kiswahili: uzito wake, dhahabu yake, namba yake. Babu alikuwa ananitazama kama vile nimeipiga sarafu mimi mwenyewe. Mwaka mzima sauti yangu ilikuwa haisikiki, isipokuwa siku hiyo tu.

Chini ya kila cheti kulikuwa na mstari wa maandishi madogo. Ulikuwa na neno nisilolijua, nikawa nauruka. Hakuna aliyegundua.

Sasa, unajua kazi za Idi. Siku mbili kabla, masinia yote ya shaba yanashushwa, na mabirika, na vile vyetezo vya kufukizia udi, vinasuguliwa kwa jivu na ndimu mpaka uone meno yako. Kazi hiyo ilikuwa yangu. Niliipenda kwa sababu haihitaji kuongea. Mwaka ule nilikuwa na umri kama wako sasa. Mama yako alikuwa amerudi nyumbani na wewe baada ya ndoa yake ya kwanza kuvunjika, na babu alikuwa amempa ufunguo wa kabati, awe anafuta vumbi. Alimwamini kuliko watu wote. Siku ile hereni yako moja ilikuwa imekatika kishikio, mama yako akakubeba mgongoni akaenda sokoni kwa sonara kuiunganisha. Alitoka haraka, ufunguo akauacha juu ya kabati.

Mimi nilikuwa nimemaliza masinia. Mikono imejaa jivu, moyo umejaa sifa. Nikasema niangalie sarafu kabla ya siku yenyewe, nione kama nazo ziko tayari.

Ya twiga ilikuwa na doa. Dogo, jekundu kama kutu, ukubwa wa punje ya ulezi, pembeni mwa shingo ya yule mnyama. Kila mahali kuzunguka twiga palikuwa laini kama maji ya beseni yaliyotulia. Ukiinama unaona jicho lako. Na katikati ya maji hayo, doa. Nilishtuka kwa niaba ya babu. Nilimwona amesimama mbele ya wageni na sarafu chafu.

Nikafungua kikasha. Nikachekecha jivu kwa kitambaa ili libaki lile laini tu, nikakamulia ndimu, nikasugua. Taratibu, kwa upendo, naapa. Doa lilififia. Nikasuuza, nikakausha, nikaitazama juani. Iling'aa, Salha, lakini iling'aa kama kijiko. Yale maji yalikuwa yamekwenda. Nilipoinama sikuona jicho langu, niliona mwanga tu uliochanwachanwa. Nikajiambia ni macho yangu. Nikairudisha, nikafunga, nikarudisha ufunguo palepale.

Miaka baadaye nilipofika kidato cha tatu ndipo nilipousoma ule mstari wa chini wote. Unasema sarafu isisafishwe kwa kitu chochote. Na lile doa jekundu ni shaba iliyochanganywa ndani ya dhahabu, huwa inajitokeza yenyewe. Lilikuwa halidhuru kitu.

Siku ya Idi babu akatandika mahameli. Kulikuwa na wageni sita, saba. Akaweka ya tembo, ya chui, ya mbuyu. Alipoitoa ya twiga akaisogeza karibu na uso, akatoa kioo chake cha kukuzia, akatazama. Akatazama tena. Akakunja mahameli na sarafu zote ndani yake, akasema karibuni pilau. Cheti hakuniita kusoma.

Wageni walipoondoka alimwita mama yako. Mimi nilikuwa nakusanya sahani.

"Umeipeleka kwa sonara."

"Nimepeleka hereni ya mtoto, baba."

"Imekwanguliwa, Mwanaidi. Mtu amekwangua dhahabu. Naiona."

Mama yako akasema aulizwe sonara. Babu akasema hawezi kwenda kumuuliza mwizi kama kaiba, na mtaa usikie. Mama yako akafungua mdomo, halafu akanitazama mimi. Hakunitazama usoni. Alitazama mikono yangu. Ndimu na jivu vinapasua ngozi, nilikuwa na nyufa mpaka kwenye vifundo, kama kila mwaka. Akaitazama, nafikiri, muda wa kuvuta pumzi mara mbili. Kisha akafunga mdomo.

Mpaka leo sijui alijua nini. Hilo ndilo limenila kuliko mengine yote.

Alikaa siku nne. Hakuna aliyemfukuza, lakini babu alikuwa anatoka chumba ambacho yeye anaingia. Siku ya tano akaenda Tabora kwa shangazi. Hakuwa na pa kukuweka, na babu akasema mtoto abaki. Mengine unayajua: cherehani, mume mpya, simu za Jumapili, na sasa nyumba yenye nafasi yako.

Utaniuliza kwa nini sikusema. Ningekuwa na jibu zuri ningekupa. Siku ya kwanza niliogopa kipigo, ingawa babu hakuwahi kunipiga. Siku ya pili niliogopa kwamba sikusema siku ya kwanza. Ikawa hivyo. Shuleni kwetu, ukikamatwa unaongea Kiswahili unavikwa kibao shingoni mpaka jioni, na mimi Kiingereza changu kilikuwa cha kusoma, si cha kuongea, basi nikajifunza kunyamaza kwa lugha zote mbili. Nilikuwa hodari sana. Walimu walikuwa wanaandika kwenye ripoti kwamba nina nidhamu.

Na kuna jambo baya zaidi, uliseme au usiliseme kwa mama yako, shauri lako. Cheti kilikuwa na uzito wa sarafu. Niliujua kwa moyo, niliusoma mbele za watu kila mwaka. Kama dhahabu ingekwanguliwa, uzito ungepungua. Ilikuwa ni kuiweka kwenye mizani mara moja tu, dakika moja, na mama yako angekuwa safi. Babu hakulifikiria hilo kwa hasira yake. Mimi nililifikiria jioni ile ile, nikiwa naosha masufuria. Niliosha mpaka la mwisho.

Mwezi uliofuata niliandika yote kwenye daftari langu. Kwa Kiingereza, ili asiyeweza kusoma asisome. Sikuweka majina. Babu akalikuta mezani. Akaona kurasa mbili zimejaa mwandiko wangu, akafurahi, akaniita barazani akasema, "Hebu nisomee, mwanangu, nisikie unavyopanda nacho hicho Kizungu."

Nikasoma. Nilisimama mbele ya baba yangu nikamsomea kila kitu, ufunguo, jivu, ndimu, mama yako na hereni. Sauti ilikuwa inatetemeka, akadhani ni aibu yangu ya kawaida, akawa ananitia moyo: "Endelea, endelea." Nilipomaliza akauliza inahusu nini.

Nikasema ni insha kuhusu ng'ombe wa Mgogo aliyepotea wakati wa ukame.

"Akapatikana?"

"Bado, baba."

Akanipa hela ya biskuti. Biskuti nilikula na wewe, nusu kwa nusu. Huwezi kukumbuka.

Siandiki haya ili nikufundishe kusema kweli. Unasema kweli kuliko mimi, wewe ndiye uliyemwambia mwalimu mkuu kwamba suruali yake imechanika. Labda ninachotaka kukwambia ni kidogo sana. Utakapoharibu kitu huko, na utaharibu, kiseme kikiwa bado ni kitu. Mimi nilikuwa na sarafu moja iliyochubuka. Nikaisubiri, ikawa dada yangu.

Mara moja mama yako aliniuliza kwenye simu, "Bado unasugua masinia?" Nikamwambia siku hizi tunatumia sabuni ya kopo. Akauliza bei ya vitunguu. Nimeigeuza geuza simu ile kichwani mwaka mzima. Kama alijua, basi alinibeba miaka saba mgongoni kama alivyokubeba wewe siku ile, na kesho unamfikishia ujumbe kwamba amesamehewa. Na kama hakujua, ataupokea ujumbe huo mlangoni, mbele ya mume wake, na wewe umesimama na begi lako. Nimeshindwa kuamua kipi kibaya zaidi.

Nimeandika mpaka hapa nikaona naufanya mchezo ule ule. Kurasa zimejaa mwandiko, na mwenye haki ya kusikia yuko barazani, hatua kumi na mbili kutoka kitanda hiki. Nakuwekea kila kitu wewe, mtoto, ubebe. Naacha kalamu.

Nimerudi.

Alikuwa anamenya karanga zako za safari. Redio ilikuwa chini chini. Nilisimama kwenye kizingiti, nikasema kwa Kiswahili, maana sikuwa na kingine, "Baba, ile sarafu ya twiga niliisugua mimi. Kwa jivu na ndimu. Dada hakujua."

Aliendelea kumenya. Nilihesabu maganda manne.

"Jivu la kuni au la mkaa?"

"La mkaa."

"Ulilichekecha?"

"Nililichekecha, baba."

Akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayeelezwa jambo la kazi yake. Kisha akauliza, na sikutegemea kabisa, "Na yule ng'ombe?"

Nikasema hakukuwa na ng'ombe.

Ndipo alipoweka bakuli chini. Salha, nilikuwa nimejiandaa kwa makelele. Hayakuja. Alisema kwamba kila aliyemuuliza habari za Mwanaidi, msikitini, sokoni, hata Msalato kwenye misiba, aliwaambia ni mtoto aliyemwibia baba yake. "Wengine wameshakufa," akasema. "Nitawaambia vipi wale?"

Nikasema sijui, baba.

"Wewe ndiye uliyesoma," akaniambia. Alilisema kwa sauti ya kawaida kabisa. Nafikiri nitalisikia mpaka nizeeke.

Akaniagiza nilete begi lako. Akaitoa sarafu, akafungua kikasha, akaishika kwa vidole vitupu vyenye ngozi za karanga. Miaka yote sijawahi kumwona akiishika hivyo. Akaifunga kwenye leso yake akairudisha ndani ya begi, kikasha akabaki nacho mkononi.

"Lile neno nililompa mtoto alipeleke, asilipeleke," akasema.

Nikauliza apeleke neno gani.

"Sijalipata."

Ndivyo ilivyo. Kesho unasafiri na sarafu isiyo na salamu. Mama yako akikuuliza babu amesema nini, mwambie hajasema kitu, ameuliza jivu lilikuwa la kuni au la mkaa. Atakuelewa. Kisha mpe barua hii, asome yeye na wewe, usimfiche ukurasa hata mmoja. Akitaka kuitupa sarafu, mwache aitupe. Asipotaka kunipigia simu, usimbembeleze. Nilizoea kunyamaza mimi, sasa ni haki yake.

Sijui babu atanitazama vipi kesho, wala Idi ijayo atatandika nini mezani. Sijapata nafuu niliyodhani nitapata.

Nakusikia getini. Mama Chilongani anakwambia ukifika Tabora usijifanye hujui kula mlenda, na wewe hujibu, maana kichwa kinawaka. Njoo nikupake mafuta.

Babu ameniita dirishani sasa hivi, ameuliza basi linaondoka saa ngapi. Nimemwambia saa kumi na mbili asubuhi. Akauliza kama tiketi bado zinapatikana. Hakusema ya nani.

Mama yako mdogo,
Zena